Waathene walimfukuza kiongozi kwa vigae, bila kosa wala kesi. Ilikuwa busara au wivu?

#1 Kibatari
Wakuu, salaam.

Kuna jambo la Athens ya kale limenikosesha usingizi wiki nzima, naomba tulichambue.

Kila mwaka, majira ya baridi, mkutano wa wananchi uliulizwa swali moja tu: mwaka huu tupige vigae au tusipige? Hakuna jina lililotajwa. Wakikubali, wiki kadhaa baadaye wanakusanyika sokoni, Agora. Pamezungushiwa uzio wa mbao wenye milango 10, kila kabila na mlango wake. Raia anaingia na kipande cha chungu kilichovunjika, amekwaruza juu yake jina la mtu mmoja. Anakikabidhi maandishi yakiwa yameelekea chini. Vigae vikifika 6,000, aliyetajwa mara nyingi zaidi anapewa siku 10 afunge mizigo. Nje ya nchi miaka 10. Hasomewi shitaka, hatoi utetezi, hakati rufaa.

Sasa sikilizeni: mali yake haiguswi. Shamba ni lake, na mavuno yanamfuata huko huko aliko. Miaka 10 ikiisha anarudi na uraia wake kamili, hana doa.

Nimeshindwa kuelewa. Kama mtu ni hatari, mbona unamwachia mali? Kama si hatari, mbona unamfukuza? Waliojaliwa kusoma haya mambo, karibuni.

#2 Mto Ruvu
Natandika mkeka hapa. Uzi mtamu huu.

#3 Fundi Saa
Mkuu Kibatari, jibu ni fupi: wivu.

Kuna kisa cha Aristides, yule waliyempachika jina la Mwenye Haki. Siku ya vigae mwaka 482 KK, mtu wa shamba asiyejua kusoma alimfuata, hakumtambua, akampa kigae: "Niandikie hapa Aristides." Akamuuliza, huyo Aristides amekukosea nini? Yule bwana akasema hajamkosea lolote, wala hamjui, ila amechoka kusikia kila mahali anaitwa Mwenye Haki. Aristides akaandika jina lake mwenyewe, akamrudishia kigae chake.

Mnataka ushahidi gani tena? Mtu akisifiwa sana, wenzake wanakereka. Ndivyo binadamu tulivyo, Athens au hapa.

#4 Mwalimu Mstaafu
Fundi Saa, kisa ni kizuri na mimi nimekisimulia darasani kwa miaka mingi. Ila aliyetuachia ni Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, na Plutarch aliishi zaidi ya miaka 500 baada ya tukio. Tukipokee kama ngano yenye mafunzo, tusikiweke mezani kama ushahidi.

Mwanafalsafa Aristotle anatoa sababu nyingine kabisa: hofu ya kurudi kwa utawala wa mabavu. Athens ilitawaliwa na Peisistratus, kisha wanawe. Mwanawe Hippias alifukuzwa mwaka 510 KK. Miaka miwili baadaye Cleisthenes akaipanga upya nchi, akaondoa makabila ya zamani na kuunda makabila mapya 10, na huyo ndiye Aristotle anayemtaja kuwa mwanzilishi wa sheria ya vigae. Mwaka 490 KK Waajemi walipotua Marathon, Hippias alikuwa nao, mzee tayari, akitarajia kurudishiwa kiti. Wakapigwa.

Angalia nani aliondoka kwanza. Mwaka 487 KK ni Hipparchus mwana wa Charmus, jamaa wa ukoo ule ule wa Peisistratus. Aristotle anasema kwa miaka mitatu waliondolewa marafiki wa watawala wa mabavu, na kuanzia mwaka wa nne ndipo wakaanza kumwondoa yeyote aliyeonekana amekuwa mkubwa kupita kiasi. Kwa hiyo wivu, kama upo, uliingia baadaye kwenye nyumba ambayo haikujengwa kwa ajili yake.

#5 Kasuku Mweupe
Mwalimu shikamoo. Swali: kama Cleisthenes aliitunga sheria karibu mwaka 508 KK, ilikaa miaka 20 bila kutumika? Mtu ananunua panga, anasubiri miaka 20 ndipo akate nyasi?

#6 Mwalimu Mstaafu
Marahaba. Umegusa penyewe. Kuna mwandishi wa kale, Androtion, ambaye anaonekana kusema sheria ilitungwa karibu kabisa na mara ya kwanza ilipotumika. Wasomi wamegawanyika hadi leo. Mimi niko na Aristotle: kitisho chenyewe kilikuwa kinafanya kazi hata kabla ya kigae cha kwanza kuandikwa.

#7 Nyota ya Kusi
Habari zenu. Naona tunazungumzia walioandika vitabu. Mimi nataka tuviangalie vigae vyenyewe, kwa sababu vipo! Vimechimbwa zaidi ya 10,000. Eneo la Kerameikos peke yake, yalikokuwa makaburi na karakana za wafinyanzi, vimetoka zaidi ya 8,000.

Nilibahatika kufika Athens, nikasimama mbele ya kabati la kioo kwenye makumbusho ya Agora mpaka mlinzi akaanza kuniangalia. Ni vidogo, wakuu. Vingine ni vitako vya vikombe vya mvinyo, vya duara, vinakaa kiganjani kabisa. Jina limekwaruzwa kwa ncha kali, herufi zinapanda na kushuka. Kwenye jina la Themistocles, kiongozi mkubwa wa Athens, wengi wameandika Themisthokles, wameongeza h pasipohitajika, yaani wameandika kama walivyokuwa wakitamka. Unahisi mtu yupo pale, anatafuta namna ya kuandika jina la mkubwa wake.

Na hawakuishia kwenye jina. Megakles anaitwa mzinzi kwenye kigae kimoja, kingine kinamsema kwa ufugaji wa farasi, ambao ulikuwa anasa ya matajiri. Kallias mwana wa Kratios anaitwa Mwajemi, na mmoja akamchora kabisa amevaa nguo za Kiajemi. Jemadari Cimon ameambiwa amchukue Elpinice, dada yake, waondoke naye. Kilichonigusa zaidi: wapo walioandika Limos, yaani Njaa. Mtu amekuja na kigae chake anapiga kura Njaa ifukuzwe nchini.

Sasa niambieni hicho ni hofu ya utawala wa mabavu, au ni wivu?

#8 Mto Ruvu
Hapo kwenye Njaa nimesisimka mwili.

#9 Nyota ya Kusi
Naongeza kimoja nilichokisahau. Mwaka 1937, kwenye kisima cha zamani ubavu wa kaskazini wa kilima cha Acropolis, vilipatikana vigae 190 vyenye jina la Themistocles. Wataalamu walipoulinganisha mwandiko wakakuta umetoka kwenye mikono 14 tu. Watu 14 wameandika vigae 190! Maana yake viliandaliwa mapema ili vigawiwe. Wengine wanasema ni njama ya wapinzani wake, wengine wanasema ni biashara tu ya kuwasaidia wasiojua kuandika. Mimi nasema njama. Kama ni huduma kwa wasiojua kuandika, mbona vyote vina jina moja?

#10 Pweza wa Kilindini
Dada Nyota, hiyo ya mikono 14 imenirudisha mbali sana.

Nilisoma shule ya bweni. Kidato cha pili wizi ulizidi: sukari, sabuni, hela kwenye matranka. Usiku mmoja mwalimu wa zamu akatukusanya bwalo la chakula, akagawa vikaratasi vilivyochanwa kwenye daftari. Kila mtu aandike jina la mwizi, akunje, atumbukize kwenye ndoo. Mimi nilichaguliwa pamoja na wenzangu wawili kuhesabu.

Jina lililoongoza lilikuwa la mvulana mmoja mkimya, ametoka mkoa wa mbali, hana kundi. Nilikuwa nafungua vikaratasi chini ya taa ya chemli, umeme ulikuwa umekatika. Vikaratasi 9 vilikuwa na wino wa kijani, na herufi g zote zilikuwa na mkia mrefu uliopinda kulia. Mtu mmoja ameandika mara tisa. Nikawatazama wale wawili, wakanitazama. Hakuna aliyesema kitu. Tukatoa hesabu.

Kesho yake asubuhi yule kijana alibeba tranka lake kichwani akateremka barabarani. Miaka 31 sasa.

Kwa hiyo mimi swali la Kibatari silijibu kwa vitabu. Njia hii, hata ukiizungushia uzio wenye milango 10, inampa nguvu mwenye marafiki wa kumwandikia.

#11 Kasuku Mweupe
Pole sana kaka Pweza. Yule kijana aliishia wapi?

#12 Kipanga
Nilikuwa nasoma kimya kimya. Socrates naye si ndiyo hivi hivi, alipigiwa vigae akapewa sumu?

#13 Mwalimu Mstaafu
Hapana Kipanga, tusichanganye. Socrates alifikishwa mahakamani mwaka 399 KK, mbele ya jopo kubwa la raia, akashitakiwa kwa kutoiheshimu miungu ya mji na kuwapotosha vijana. Alijitetea, alihukumiwa, alikunywa sumu. Vigae havikuua mtu hata mmoja. Na kufikia 399 KK vigae vilikuwa vimeachwa tayari.

#14 Wakili Porini
Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa barabarani.

Nimesoma kisa cha #10 na kinauma. Lakini nataka kutetea vigae, na ninatetea kwa dhati.

Jiulizeni kabla ya vigae walikuwa wanafanyaje. Mwaka 508 KK Isagoras, akisaidiwa na mfalme Cleomenes wa Sparta, alifukuza familia 700 za Waathene kwa mkupuo. Mia saba! Wazee, watoto, wote. Ndivyo wakubwa walivyokuwa wakimalizana: kundi linaloshinda linasomba ukoo mzima wa lile lililoshindwa, na lililofukuzwa linakwenda kutafuta jeshi la kigeni lirudi nalo. Vigae vikaja na kusema: mtu mmoja tu, si zaidi ya mara moja kwa mwaka, familia inabaki, mali inabaki, na anayeamua ni wananchi wala si kundi lenye mapanga.

Hapo Kibatari swali lako linajibika. Wanamwachia mali ili asiwe na sababu ya kurudi na jeshi. Mtu mwenye shamba linalomsubiri ana subira.

Linganisheni na Roma. Warumi hawakuwa na kitu kama hiki. Mwaka 82 KK jemadari Sulla aliposhinda alibandika orodha ya majina hadharani. Uliyeandikwa, yeyote akikuua analipwa. Mali inapigwa mnada, watoto na wajukuu wako wanazuiwa kushika madaraka. Mwaka 43 KK Antony, Octavian na Lepidus wakafanya hivyo hivyo, na tarehe 7 Desemba Cicero akauawa, kichwa chake na mkono vikatundikwa pale pale jukwaani alipokuwa akihutubia. Hiyo nayo ni orodha ya majina. Mimi nikipewa nichague, nachukua kigae.

#15 Fundi Saa
Wakili umeongea vizuri ila bado hujaondoa wivu wangu.

#16 Mto Ruvu
Fundi Saa kila uzi kwako ni wivu. Hata ule wa nyanya kupanda bei ulisema wivu 😂

#17 Kasuku Mweupe
Kuna jambo halijakaa sawa kwenye #1. Vigae 6,000 ni jumla ya vyote, au ni 6,000 dhidi ya mtu mmoja? Kuna tofauti kubwa. Kama ni jumla, mtu anaweza kufukuzwa kwa vigae 2,000 tu kura zikigawanyika.

#18 Mwalimu Mstaafu
Hata wa kale wenyewe hawakukubaliana. Plutarch anasema ni jumla, yaani akidi. Philochorus, ambaye ni wa zamani zaidi, anasema ni 6,000 dhidi ya mtu mmoja. Wasomi wengi leo wanaegemea jumla. Kumbukeni raia wanaume wote mwanahistoria Herodotus anawakadiria 30,000, na wengi wako mashambani mwendo wa siku nzima. Kupata 6,000 dhidi ya mtu mmoja ni kazi kubwa.

#19 Mwana wa Amu
Nduzangu, hamjambo? Mimi naona nyote mwapita pembeni.

Vigae vilikuwa kura ya kuchagua njia. Jina lilikuwa alama tu. Tazameni mwaka 483 KK. Kwenye machimbo ya Laurion lapatikana fungu kubwa la madini ya fedha. Wananchi wataka kugawana, drakma 10 kila mtu. Themistocles asema la, tujenge manowari. Kwa Herodotus ni manowari 200. Wanahistoria wengi waamini Aristides alikuwa upande wa pili, upande wa jeshi la nchi kavu na wenye mashamba. Mwaka uliofuata, 482, Aristides atoka. Hakuna wa kupinga tena, merikebu zajengwa, na mwaka 480 KK pale Salamis Waajemi wavunjwa baharini. Wangaligawana zile drakma 10, leo Athens tusingaliijua.

Na tazameni uungwana wao: Waajemi walipokuwa wakija, wote waliofukuzwa waliitwa warudi. Aristides akarudi, usiku wa kuamkia vita akapenya katikati ya merikebu za adui kumwendea Themistocles, yule yule hasimu wake, kumwambia wamezingirwa. Xanthippus, aliyefukuzwa 484, akarudi akawa jemadari.

Cimon vile vile mwaka 461. Yeye ataka urafiki na Sparta, amepeleka askari 4,000 kuwasaidia, Wasparta wawarudisha kwa kuwashuku. Aibu. Cimon atoka, na siasa ya urafiki na Sparta yatoka naye.

#20 Mama Zuhura
Asalaam alaykum. Nimefurahi Nyota kumtaja Elpinice, kwa sababu kwenye hadithi hii yote wanawake hatumo. Hatukuwa na kigae. Watumwa hawakuwa nacho, wageni waliozaliwa na kuzeekea mle mle Athens hawakuwa nacho. Lakini matusi yalimfikia Elpinice, mtu asiyeruhusiwa hata kuingia ndani ya ule uzio.

Na hakuwa mwanamke wa kunyamaza. Pericles, kiongozi wa Athens, aliporudi kutoka kuupiga mji wa Samos, mwaka 439 KK, wanawake walimvika mashada ya maua. Plutarch anasema Elpinice alimsogelea akamwambia: umetupotezea wanaume wengi hodari, na si kwa kupigana na maadui kama kaka yangu Cimon, bali kwa kuuvunja mji ulio rafiki na ndugu yetu. Pericles alimjibu kwa mstari wa shairi unaodhihaki uzee wake. Mpaka leo nikisoma hapo nakasirika.

#21 Pweza wa Kilindini
Shikamoo Mama Zuhura. Umesema kweli tupu.

#22 Kipanga
Mwana wa Amu umetaja merikebu. Hivi hawa Wagiriki walifika kwetu huku?

#23 Mwana wa Amu
Walifika, ila si enzi hizo za vigae. Karne ya 1 baada ya Kristo mfanyabiashara mmoja wa Misri aliyeandika Kigiriki alieleza safari za pwani hii mpaka soko la mwisho aliloliita Rhapta. Waja na mikuki, mashoka, visu na vyombo vya kioo; warudi na pembe za ndovu, pembe za kifaru na magamba ya kasa. Na jina Rhapta asema latokana na neno lao la kushona, kwa sababu ya mashua za huku zilizoshonwa. Babu yangu alikuwa akisimulia mitepe, mbao zimeunganishwa kwa kamba ya nazi, hapana msumari hata mmoja. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilisimama kitini.

#24 Kipanga
Rhapta ni wapi sasa?

#25 Mwana wa Amu
Wengine wasema delta ya Rufiji, wengine Pangani, kila mmoja na hoja yake. Fungua uzi wake, nitakuja.

#26 Kibatari
Asanteni wakuu, nimejifunza mengi. Kabla hatujahamia Rufiji kabisa, turudi Athens. Kama ni kifaa kizuri hivyo, anavyosema Wakili, mbona walikiacha?

#27 Fundi Saa
Hyperbolus. Huyu alikuwa mtu wa taa, biashara yake taa za udongo, akapanda kisiasa kwa maneno makali. Karibu mwaka 416 KK akahimiza vigae vipigwe, akitegemea ataondoka Nicias au Alcibiades. Wale wawili, mahasimu wakubwa, wakaungana usiku, wakawaambia wafuasi wao wote waandike Hyperbolus. Akaondoka yeye. Plutarch anasema watu kwanza walicheka, halafu wakaona aibu, kwamba adhabu ya wakubwa imetumika kwa mtu duni. Hawakupiga tena. Hyperbolus akauawa huko Samos mwaka 411 KK.

#28 Nyota ya Kusi
Fundi Saa hiyo ni sababu ya Plutarch na naiheshimu, ila haijanishawishi. Hawakuifuta sheria! Enzi za Aristotle, karibu miaka 100 baadaye, mkutano bado ulikuwa unaulizwa kila mwaka kama wapige. Walikuwa wanajibu hapana tu.

Mimi naona walipata silaha nyepesi zaidi. Kufikia 415 KK tunaona mashitaka ya kumkamata mtu aliyependekeza azimio linalokiuka sheria. Huhitaji watu 6,000, unahitaji jopo la mahakama na ulimi mzuri. Unamchagua adui yako mwenyewe, huna haja ya kubahatisha jina gani litaongoza.

#29 Wakili Porini
Na tauni ya mwaka 430 KK, iliyoua watu wengi mno, Pericles mwenyewe akafa mwaka uliofuata. Ongeza vita na Sparta. Kupata 6,000 sokoni kwa siku moja kulikuwa kugumu kuliko zamani.

#30 Kasuku Mweupe
Aristotle anatoa mfano wa masuke ya nafaka. Periander wa Korintho aliombwa ushauri na mtawala mwenzake, hakujibu kwa mdomo, akaenda shambani akakata masuke yote yaliyozidi mengine kwa urefu. Ndiyo vigae hivyo: kata anayezidi.

#31 Mwalimu Mstaafu
Kwa Aristotle ni hivyo. Kwa Herodotus, aliyetangulia, ni kinyume: Periander ndiye aliyeomba ushauri, na aliyekata masuke ni Thrasybulus wa Mileto. Mfano ni ule ule, mikono imebadilishana.

Na hapo Aristotle ana neno zito: anasema ugonjwa huu si wa demokrasia peke yake. Mfalme anakata, matajiri wachache wanakata, wananchi wanakata. Kila utawala unamwogopa anayezidi kimo.

#32 Mtumishi wa Bonde
Bwana asifiwe wapendwa. Mimi nimeona kitu kingine. Mambo ya Walawi sura ya 16, mbuzi anawekewa dhambi za watu wote, anapelekwa jangwani akiwa hai. Na Wagiriki walikuwa na desturi kama hiyo: kwenye sikukuu ya Thargelia watu wawili walitolewa nje ya mji ili uchafu wa mji utoke nao. Je, vigae si hivyo? Jamii imekwama, imejaa chuki, inamchagua mmoja abebe yote aende nayo. Wale walioandika Njaa kwenye kigae, naona walielewa jambo hili kuliko sisi.

#33 Nyota ya Kusi
Mtumishi, umenifikirisha sana. Wapo wasomi wenye mawazo hayo. Pingamizi langu ni moja: waliotolewa Thargelia walikuwa mafukara, watu wa chini kabisa. Vigae viliwachukua walio juu kabisa.

#34 Mtumishi wa Bonde
Labda mji unahitaji kusafishwa juu na chini, dada.

#35 Fundi Saa
Na wale wasio juu wala chini? Kuna Damon, mwalimu wa muziki wa Pericles. Alipigiwa vigae, na jina lake limepatikana kwenye vigae kweli. Mwalimu wa muziki! Alihatarisha serikali kwa zeze?

#36 Wakili Porini
Plutarch anasema Damon alijificha nyuma ya muziki, kumbe alikuwa mshauri wa siasa. Ukishindwa kumng'oa Pericles, unamng'oa anayemnong'oneza. Pericles hawakumweza, ingawa vigae vyenye jina lake vipo.

#37 Kibatari
Basi nina Aristotle na hofu, Fundi Saa na wivu, Wakili na familia 700, Mwana wa Amu na merikebu, Mtumishi na mbuzi. Jana nilikuwa na Wakili, leo sijui. Nikisoma tena #10 naona viganja 14 kisimani.

Kaka Pweza, Kasuku alikuuliza swali hukulijibu. Kama hutaki, tuache.

#38 Pweza wa Kilindini
Nalijibu.

Hakurudi. Kitanda chake kilikuwa cha juu, karibu na dirisha, na hakuna aliyekubali kulala pale hadi muhula unaisha. Wiki ya tatu tangu aondoke, tranka la kiranja wetu likavunjwa, zikachukuliwa hela na redio. Mwalimu hakugawa vikaratasi tena.

Nilimwona mara moja, miaka ya baadaye, stendi ya mabasi. Alikuwa na mke na mtoto mchanga. Alinitambua kabla sijamtambua, akaniita kwa jina langu la shuleni, akaninunulia soda. Tuliongea habari za mvua na nauli. Basi lake likaja.

#39 Nyota ya Kusi
Na wino wa kijani? Ulikuja kujua ni wa nani?

#40 Pweza wa Kilindini
Nilijua usiku ule ule, Nyota. Alikuwa amekaa dawati la mbele yangu tangu kidato cha kwanza, ile g niliiona kila siku. Ni mtu mzima sasa, ana wajukuu. Jina lake siliandiki hapa.